Barua ya wazi kwa wasusi vijana: dawa za kunyoosha nywele

Wanangu wasusi,

Nawaandikia ninyi na si wateja wenu, kwa sababu mteja aghalabu huketi kitini akiwa ameshaamua, na anayeshika dawa ni ninyi.

Dawa ya kurilaksi huvunja viungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, na ili iweze kazi hiyo sharti iwe kali: ile ya sodiamu haidroksaidi hufikia 13 hivi kwenye pH, kipimo cha ukali kinachoishia 14. Ukali huo hauchagui kati ya unywele na ngozi. Kwa hiyo mteja akilalamika kuwa kichwa kinamchoma, msimwambie avumilie ili dawa ishike. Mwosheni papo hapo, hata kama nywele hazijalegea, kwa kuwa ngozi iliyochubuka hupitisha kemikali kwa urahisi zaidi. Aliyejikuna jana, au aliyefumua misuko leo, asipakwe. Ile inayouzwa kwa watoto nayo ni kali, na mimi sioni sababu yoyote ya kumpaka mtoto.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake wapatao 34,000 kwa karibu miaka 11. Walikadiria kuwa, kufikia umri wa miaka 70, saratani ya mji wa mimba ingewapata asilimia 1.64 ya wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, na asilimia 4.05 ya waliozitumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka. Utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano tu, hauthibitishi kuwa dawa ndiyo chanzo. Basi msimtishe mteja, lakini akiuliza msimfiche.

Linalowahusu ninyi zaidi ni moshi. Dawa nyingi za keratini, zile za kunyoosha nywele kwa pasi ya moto, zina fomaldehaidi, ambayo hutoka kama gesi, au kitu kinachoitoa pasi ya moto inapopita, kama vile methileni glaikoli, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mteja huuvuta moshi huo mara chache kwa mwaka, ninyi kila siku ya kazi, pengine katika chumba kisicho na dirisha. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Kama hapana hewa ya kutosha, kataeni kazi hiyo, hata mwenye saluni akinuna.

Wala msitulie kwa kuona chupa imeandikwa kuwa haina fomaldehaidi. Baadhi ya watengenezaji wameweka asidi ya glaioksiliki badala yake, na madaktari wa figo wameripoti wanawake ambao figo zao zilishindwa kazi ghafla baada ya kupakwa dawa hizo. Andikeni katika daftari jina la kila dawa mnayompaka mtu, na mteja akipiga simu akisema anatapika na mgongo unamuuma, mpeni jina hilo aende nalo hospitali siku hiyohiyo.

Mama yenu katika kazi,
Msusi mstaafu