Seva ya kikundi haiendeshwi kwa harambee

Kwa Mhariri,

Kikundi cha mtaa kikiwa na seva, yaani kompyuta ya kukodi kwenye intaneti, ya kuwekea mijadala, picha na matangazo yake, na wanachama wakapita elfu moja, huduma huanza kukwama. Hapo huzuka mapendekezo mawili: tufanye harambee, au tununue kompyuta yetu tuiweke ofisini tuepukane na bili ya dola. Sisi tunaotunza seva hapa Mombasa hatuyaafiki yote mawili.

Tuanze na kompyuta ya ofisini. Stima ikipotea, tegemeo ni UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme kwa muda, na betri yake ya risasi hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25. Chumba kisicho na AC hapa kwetu mwezi Machi hupita 30 bila taabu. Hewa ya chumvi nayo inakula feni na viungio. Isitoshe, laini nyingi za intaneti za nyumbani hazina anwani yake ya kudumu mtandaoni; mteja mmoja huchangia anwani na wenzake, hivyo mtu wa nje hawezi kuifikia kompyuta hiyo pasipo ufundi wa ziada.

Basi kodini, lakini msikimbilie seva kubwa. Mara nyingi kinachoua seva ni picha. Picha ya simu ni takriban MB 4. Wanachama wakituma 300 kwa siku, hiyo ni GB 1.2, yaani GB 36 kwa mwezi. Diski ya GB 80, ukitoa nafasi ya mfumo wenyewe, haimalizi miezi miwili. Diski ikijaa, hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu za programu, haiwezi kuandika chochote: ujumbe unapotea, hata kuingia kwa nywila kunagoma, na watu wanadhani wamevamiwa na wadukuzi. Iagizeni programu ipunguze kila picha hadi upana wa pikseli 1600 kabla ya kuihifadhi. Ikishuka hadi KB 300 hivi, mzigo wa mwezi unakuwa GB 2.7. Kazi hiyo ni ya jioni moja na haina gharama.

Sasa hesabu. Seva yenye memori ya GB 4 na diski ya GB 80 hukodishwa kwa dola 24 hivi kwa mwezi. Tengeni dola 5 za nakala rudufu, yaani nakala za akiba za data zenu, kisha VAT ya asilimia 16 ambayo Kenya hutoza huduma za kidijitali kutoka nje: jumla dola 33.64. Msipige bajeti kwa bei ya dola ya leo. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kabla ya mwaka kwisha ikawa karibu 130. Tumieni 150, mtapata kama shilingi 60,500 kwa mwaka. Katika wanachama 1,200, wakilipa 400 tu shilingi 200 kila mmoja, zinapatikana 80,000, na ziada inatosha akiba ya zaidi ya miezi mitatu. Harambee huleta fedha nyingi siku moja. Bili hii huja kila mwezi, hata shauku ikishapoa. Mchango wa mwaka ukusanywe kabla ya mwaka kuanza, kwa Paybill iliyounganishwa na akaunti ya benki ya kikundi. Namba ya simu ya mweka hazina isitumike, hata awe mwaminifu vipi.

Balaa kubwa zaidi ni kadi ya benki. Seva hulipiwa kwa kadi ya kijana aliyeianzisha. Kadi inaisha muda, onyo linakwenda kwenye barua pepe asiyoifungua, seva inazimwa, kisha inafutwa. Nakala zilizo ndani ya akaunti hiyohiyo nazo hupotea. Kwa hiyo nakala ya kila usiku iende kampuni nyingine, na kila miezi mitatu mtu ajaribu kuirejesha kwenye seva tupu. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hatuihesabu.

Jina la domeni, yaani jina la tovuti mtandaoni, liandikishwe kwa kikundi, na funguo za kuingilia seva wawe nazo watu wawili. Wawili hao wajue pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data iwapo data za wanachama zimevuja na kuwatia hatarini.

Mafundi wa seva,
Mombasa