Picha za Lubumbashi

Kigoma,
14 Juni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mvua zimekatika na vumbi limeanza. Nimefurahi kusikia watoto wameshaanza shule na baridi mmeizoea.

Umeniuliza kwa nini sisi walimu wa sanaa tunahusisha kila mkondo wa uchoraji na mambo ya jamii, wakati mchoraji anaweza kuchora kwa sababu anapenda tu. Nitakujibu kwa kukupeleka Lubumbashi, mji wa Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, ambako ndani ya miaka 30 hivi zilitoka picha za aina mbili zisizofanana hata kidogo.

Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville chini ya utawala wa Wabelgiji, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Humo walitokea Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyechora kwa ncha za vidole bila brashi. Picha za Pilipili zimejaa ndege, samaki na nyoka, na nyuma yao majani na nukta zimesongamana hadi hakuna nafasi. Ni nzuri mno, na anayezidharau hatuelewani. Ila jaribu kutafuta mgodi humo. Tafuta askari, tafuta bwana mkubwa wa Kibelgiji. Mji mzima ulikuwa unaishi kwa shaba ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, lakini kwenye picha hizo unaona mto na pori tu. Desfossés hakutaka vijana wake waige Ulaya. Aliwataka wachote katika Afrika aliyoiona yeye kuwa safi. Na wanunuzi wakubwa walikuwa Wazungu, watu waliotaka Afrika ya kutundika ukutani isiyowadai chochote.

Kisha ukaja uhuru wa 1960, Katanga, jimbo la mji huo, ikajitenga, na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa nje kidogo ya mji huohuo. Mwaka 1967 serikali ikaichukua migodi ya Union Minière. Sasa mfanyakazi wa mgodini, karani na mwalimu walikuwa na mshahara na sebule yao, na sebule inataka picha. Vijana wakawa wanapita nyumba kwa nyumba na picha walizochora juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Wengine walinunua mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayegawa utajiri kwa masharti. Wengi walinunua ile iitwayo Colonie belge, yaani Koloni la Ubelgiji.

Hii nataka uiangalie kwa makini. Ni ua wa gereza, bendera ya Ubelgiji inapepea. Mfungwa amelazwa kifudifudi, suruali imeshushwa, anachapwa kiboko. Mzungu amesimama kando anasimamia. Pembeni kuna wanawake waliowaletea waume zao chakula. Anayechapa ni Mwafrika mwenzao aliyevaa sare. Fikiria basi familia inakula chakula cha jioni chini ya picha hiyo katika miaka ya 1970, Mobutu akiwa ndiye anayetawala, na magereza bado yamejaa. Kichwa cha picha kinataja Wabelgiji, kwa hiyo hakuna wa kumkamata mwenye nyumba. Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi naamini ndiyo sababu ilipendwa vile.

Aliyenigusa kuliko wote ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alifika kuuza picha kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu pale, na kati ya 1973 na 1974 akamchorea zaidi ya picha 100, historia nzima ya nchi, huku akizieleza kwa Kiswahili cha kwao. Alijiona mwanahistoria, na kwangu mimi ndivyo alivyo. Katika picha moja Lumumba amelala maiti pamoja na Mpolo na Okito, wenzake waliouawa naye, na kwa mbali kuna misalaba mitatu, kama pale Golgota. Sijaona kitabu cha shule kilichothubutu kuliweka jambo hilo hivyo.

Bei ya shaba ikaporomoka katikati ya miaka ya 1970, mishahara ikaliwa na mfumuko wa bei, na mtu asiyeweza kununua unga hanunui picha. Tshibumba mwenyewe hakuonekana tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hilo linaniuma kila ninapofundisha somo hili.

Sasa nina ombi. Mkusanyiko ule wa Fabian uko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum. Wewe uko karibu. Nenda ukaulize kama picha zozote zimetundikwa, na ukiiona Colonie belge niandikie hao wanawake wenye chakula wanatazama wapi, maana kwenye nakala yangu nyuso zao zimefifia. Watoto nao uende nao.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako akupendaye