Semina za likizo zikumbuke na afya ya mwalimu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaopanga mafunzo ya walimu mkoani Kigoma.

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika mwaka 2024, semina za likizo zimehitajika kweli, na MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) imetusaidia kukaa pamoja na kuchambua mada ngumu. Kwa hilo nashukuru. Lakini anayenolewa ni binadamu. Anapaza sauti mbele ya darasa lililofurika tangu asubuhi, ikifika Alhamisi koo limekauka, anafundisha kwa kunong'ona huku vumbi la chaki limemjaa mikononi. Akitoka hapo simu inaita: ni wale wa mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu. Nani amewahi kumfundisha kutunza sauti, au kuukomboa mshahara wake?

Naomba siku moja ya kila semina iwe ya afya. Aje muuguzi apime presha na sukari, aje mshauri nasaha mwalimu azungumze naye faragha (faragha hasa, si mbele ya mwalimu mkuu), aje na mtu wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, aeleze riba kwa hesabu za wazi.

Jambo jingine ni nauli. Mwalimu wa Kalya, kando ya Ziwa Tanganyika, hupanda boti kuja semina, na ziwa likichafuka hulala njiani. Posho yake itolewe kabla hajaondoka kwake.

Ratiba ya likizo ya Desemba ipangwe hivyo.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Uvinza, Kigoma