Baba hakufa musalabani: barua kwa vijana ba kikundi cha maombi, Kadutu, Bukavu

Batoto bangu, jambo sana kwenu wote. Nabaandikia wazi ili hata benye habakuwa pa maombi ya usiku basome.

Kuko sentensi nasikia sana pale kwetu, mutu amefunga macho, machozi inatoka, anasema "Baba asante ju ulikufa pa musalaba ju yetu", na sisi wote tunaitika Amina. Hapana. Baba hakufa musalabani, mwenye alikufa ni Mwana. Najua roho ya mwenye kuomba ilikuwa safi na Mungu alimusikia, lakini kosa ile ni ya zamani sana, karne ya 3 Tertullian wa Karthago, mwandishi Mukristo wa zamani, aliandika kitabu kizima kumupinga Praxeas mwenye alifundisha kwamba Baba na Mwana ni yule yule, akamwambia ni sawa na kumusulubisha Baba. Na ule mufano ya Utatu munafundishaga batoto siku ya mungu, kwamba ni kama maji, barafu na mvuke, kitu kimoja kinageuka sura tatu, njo unabapeleka kule kule.

Sasa mutaniuliza, kama Mungu ni mumoja, namna gani mumoja afe na mwengine asife? Ulizeni tu, na mutu asibaambie ni shetani anauliza ndani yenu. Mwaka 553 mutaguso (mukutano mukubwa wa baaskofu) wa Constantinople ulisema Yesu mwenye alisulubiwa kwa mwili ni Mungu wa kweli na ni mumoja wa Utatu, ni kusema Baba, Mwana na Roho. Kwa hiyo si Utatu wote walikufa, na tena si mutu fulani tu mwenye alikuwa karibu na Mungu.

Lakini ulizo yenye inatuchoma sisi ba Kivu ni ingine: Baba aliumia? Jürgen Moltmann, mwalimu wa teolojia, Mujerumani mwenye alishikwa mateka kijana wakati wa vita ya pili ya dunia akaanza kuamini kule kambini, aliandika mwaka 1972 kwamba Mwana anateseka kufa kwenyewe, Baba anateseka uchungu ya kufiwa na Mwana. Munaona, hata yeye hasemi Baba alikufa. Mama mwenye alizika mutoto, na hapa Bukavu ni bengi, anaelewa ile bila univesite.

Karl Rahner, padri Mujezuiti na mwalimu wa teolojia, hakukubali. Alisema kama Mungu naye amenaswa ndani ya taabu ile ile, mimi itanisaidia nini kutoka? Na mwaka 2000 Thomas Weinandy, naye mwalimu wa teolojia, akaongeza kwamba Mungu hateseki kama sisi, si ju roho yake ni ngumu, ni ju upendo wake umejaa kabisa na hakuna kitu kinaweza kuupunguza.

Mimi niko upande wa hawa bawili, ingawa Moltmann namuheshimu sana na sitaki mumuite mupotevu. Nawaambia sababu. Pa kilio, mufiwa anakamata mukono yako anauliza Mungu alikuwa wapi, na wewe unakimbia kujibu "Mungu pia analia". Nyamaza kwanza, ikala naye pa mukeka, chota maji, saidia kupika. Akiuliza tena umwambie ju ya Mwana, kwamba alisikia kiu, alilia kwa sauti "Mungu wangu, mbona umeniacha", na mwenye alilia vile ni Mungu mwenyewe ndani ya mwili kama yetu. Kisha umwambie Baba alimufufua. Kama Baba naye alikuwa amekufa, nani angemutoa kaburini?

Basi maombi yenye inakuja, mwenye ataongoza aanze kwa Baba, amushukuru ju alimutuma Mwana, aombe kwa jina la Mwana, na amuombe Roho amusaidie kuomba. Kama ulimi inateleza musimuchekee mbele ya batu na musianze tena kuitana bapinga Kristo. Mumuite pembeni kisha Amina, mumwambie polepole.

Papa wenu, muzee wa kanisa