Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: mafunzo ya Jumamosi hapa Kampala, ziara za shule za sekondari Jinja na Mbale, uchaguzi wa mweka hazina. Zote zimefanyika. Nisiwachoshe.

Nizungumzie ile nundu, yaani kilima kidogo cha matukio kilichojitokeza kwenye grafu yetu ya migongano ya chembe, maana maneno yamekuwa mengi.

Tulichambua data ya wazi ya kigunduzi cha ATLAS cha CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Ulaya: migongano ya protoni ya mwaka 2016 kwa nishati ya TeV 13. (TeV 1 ni GeV 1,000, na GeV 1 ni MeV 1,000; vipimo hivihivi vya nishati hupima pia tungamo, yaani uzito wa chembe.) Tukachuja matukio yenye muoni mbili (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) za chaji kinyume, kila moja ikiwa na momentamu isiyopungua GeV 30 ukiipima kukingama na mkondo wa protoni. Kilele cha Z, chembe inayojulikana siku nyingi ambayo huweza kuvunjika kuwa muoni mbili, kilikaa mahali pake, GeV 91. (Waliokipata kwenye 91,000 walisahau kwamba faili zile huhesabu kwa MeV. Gawanya kwa 1,000 kwanza, tumeshasema.)

Karibu na TeV 1.5 yakajitokeza matukio 3 palipotarajiwa 1.2. Baadhi yenu mkadhani ni chembe mpya, mkataka tuwaite waandishi wa habari. Nilikataa, na leo ningekataa vilevile. Ukitarajia 1.2, bahati tupu hukupa 3 au zaidi mara 12 katika 100; nasi tulikagua madirisha 30 hivi ya tungamo, yaani vipande vya grafu, kwa hiyo ajabu ingekuwa kulikosa dirisha la namna hiyo. Tena matukio yenyewe yamebanana ndani ya GeV 20. Muoni ya TeV 1 hupinda takriban nusu milimita tu katika sumaku za nje za ATLAS, hivyo momentamu yake hupimwa kwa kosa la karibu asilimia 10. Chembe halisi ya TeV 1.5 ingetawanya matukio yake kwa zaidi ya GeV 100. Ule wembamba mliousifu ndio ulionitia shaka. Elektroni nazo, ambazo kalorimita, sehemu ya kigunduzi inayopima nishati, huzipima kwa kosa la asilimia 1 hivi, hazikuonyesha lolote dirisha lile. Na wanasayansi wa ATLAS na wa CMS, kigunduzi kingine cha CERN, kwa data zaidi ya mara kumi ya tuliyotumia, wameshaiondoa Z′, chembe ya kudhaniwa inayofanana na Z ila nzito zaidi, hadi karibu TeV 5.

Nimeambiwa nimewavunja moyo vijana. Desemba 2015 nundu ya fotoni (chembe za nuru) mbili kwenye GeV 750 katika data ya ATLAS na CMS ilizaa mamia ya makala; Agosti 2016 data mpya ikaifuta. Hao ni wenye mashine. Sisi tuna kompyuta mbili na jenereta.

Kuhusu mahudhurio: wanachama 41, wastani 11 kwa kikao, Julai na Oktoba akidi haikutimia. Waliopiga kelele zaidi kuhusu magazeti hawakuonekana siku ya kukadiria matukio ya kawaida, yaani yale yanayotarajiwa hata pasipo chembe mpya, kazi ambayo ndiyo utafutaji wenyewe.

Fedha: ada shilingi 20,000, waliolipa 14, mapato 280,000. Matumizi 465,000, yaani bando, petroli na diski. Pengo la 185,000 nimelibeba mimi, wala sikutangaza.

Mwakani tunatumaini kuingia kwenye data kubwa zaidi, na umeme ukituruhusu, tujaribu matukio ya jeti mbili, yaani mafungu mawili ya chembe zinazoruka pamoja. Ada zipokelewe na mweka hazina kabla ya chai.

Mwenyekiti