Elimu ya tabianchi majimboni isiishie kwenye fulana

Mhariri,

Serikali za majimbo (au mikoa, au kaunti, kila nchi na jina lake) zikitenga fedha za kuelimisha umma kuhusu mabadiliko ya tabianchi, tunajua zinakokwenda: maandamano ya tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, fulana, na bango la dubu juu ya barafu, mnyama ambaye wengi wanaolipita bango hilo hawatakutana naye maishani. Tunaofanya kazi na takwimu za mvua na joto tunaona fedha hizo zingeweza kufanya kazi kubwa zaidi.

Kwanza somo lenyewe lisahihishwe. Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi ni wastani wake kwa muda mrefu, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani hupima kwa miaka 30, sasa hivi 1991 hadi 2020. Mhamasishaji asipotenganisha mambo hayo mawili, asubuhi moja ya baridi kali itamvurugia mkutano. Kosa baya zaidi ni kusema joto limepanda kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka. Ozoni iliharibiwa na kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia, zilizodhibitiwa kwa Itifaki ya Montreal ya 1987. Joto linapanda hasa kwa sababu ya gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani: hewa ukaa pekee imetoka takribani sehemu 280 katika kila milioni ya hewa kabla ya enzi ya viwanda hadi kupita 420. Aliyefundishwa habari ya tundu ataona dizeli na ukataji wa misitu havihusiani na joto hilo.

Na lile swali la kila mkutano, iweje ukame na mafuriko viletwe na jambo lilelile? Hewa ikipata joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa karibu asilimia 7. Basi hunyonya zaidi udongoni pasiponyesha, na hushusha zaidi kwa mkupuo panaponyesha. Dakika mbili zinatosha kulieleza hilo.

Ila penye uzito ni utabiri wa msimu, kwa kuwa hapo ndipo elimu inapogeuka uamuzi. Tuseme utabiri umetoa asilimia 45 kwa mvua za juu ya wastani, 35 kwa za wastani na 20 kwa za chini ya wastani. Redioni hufupishwa kuwa "mvua nyingi zinakuja". Katika kila misimu mitano ya namna hiyo, mmoja utakuwa na upungufu, na mwaka huo wataalamu wataitwa waongo. Namba zote tatu zisomwe, kila moja na ushauri wake. Jimbo ndilo lenye nafasi nzuri ya kuuandaa ushauri huo: utabiri wa taifa ni mpana mno, na kijiji peke yake hakina takwimu. Maofisa ugani, wa mifugo, wa maji na wa afya wakae siku moja na mtaalamu wa hali ya hewa, waandike mipango mitatu: mvua ikizidi, mifereji ipi izibuliwe, ikiwa ya wastani, mbegu ipi, ikipungua, mifugo ipi iuzwe ingali na uzito. Ujumbe utoke kabla watu hawajanunua mbegu. Ukifika baada ya hapo ni habari tu.

Neno kuhusu ujumbe wa simu, maana hapa pesa huvuja kimyakimya. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ikiingia alama moja tu isiyomo katika alfabeti ya kawaida ya simu, kikomo hushuka hadi 70. Andika "ng'ombe" kwenye kompyuta, na programu nyingi huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Ujumbe wa herufi 150 unakuwa vipande vitatu, na kwa kawaida kila kipande hulipiwa. Ritifaa zikaguliwe kabla ya kutuma kwa maelfu.

Upimaji nao hufanywa ovyo. Ukimuuliza mtu, "Umewahi kusikia kuhusu mabadiliko ya tabianchi?" atakubali, japo kwa adabu tu. Muulize: "Ulipopata utabiri, ulibadilisha nini?" Watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa jibu lenye kosa la takribani asilimia 5 juu au chini. Majirani lakini hufanana, kwa hiyo ni bora watu 10 katika vijiji 40 kuliko watu 100 katika vijiji vinne, na hata hapo kosa litazidi kidogo hiyo asilimia 5. Waulizwe kabla ya kampeni na tena baada ya mavuno.

Anayetafuta msingi wa kuyaombea haya fedha ataupata katika Ibara ya 12 ya Mkataba wa Paris wa 2015, inayozitaka nchi wanachama kushirikiana kuimarisha elimu na uelewa wa umma. Kamati za bajeti za majimbo, kabla ya kupitisha kifungu cha uhamasishaji, ziulize mambo mawili: ujumbe utamfikia mkulima wiki ngapi kabla ya kupanda, na nani atarudi kumuuliza alichofanya nao.

Wenu,
Watumishi wa takwimu za hali ya hewa