Hita ya tangi la samaki: si kila chumba cha sampu kinafaa

"Mombasa na hita wapi na wapi?" Wateja hutuuliza hivyo dukani huku wakijipepea, na mara nyingi huwa tunawaambia wasitoe pesa yao. Goldfish na guppy katika nyumba ya kawaida hapa kisiwani hawana haja nayo. Mwenye haja ni yule ambaye tangi lake liko kwenye chumba cha kiyoyozi usiku kucha, au anayefuga discus, samaki anayetaka maji ya nyuzi 28 hadi 30. Kusi ikivuma mwezi wa Julai, discus huhisi baridi hata bila kiyoyozi.

Kama filta yako ni ya ndani ya tangi, kazi ni nyepesi: ilaze hita chini karibu na filta, ili joto lichukuliwe na maji yanayotembea. Kipimajoto kiweke upande wa pili kabisa. Ukikibandika kando ya hita, kitakusomea joto la hita, si la samaki.

Penye matatizo ni kwenye sampu, yaani tangi lenye vyumba linalokaa chini ya tangi la samaki: maji hushukia humo, na pampu huyarudisha juu. Wengi hutumbukiza hita kwenye chumba cha pampu kwa sababu kina nafasi. Nasi tulifanya hivyo zamani, na tukajuta. Joto letu hili, na feni juu, maji hukauka upesi. Vyumba vya kwanza hubaki vimejaa kwa sababu vioo vya kugawa huyazuia maji, kwa hivyo upungufu wote huonekana kwenye chumba cha pampu. Siku mbili tatu bila kuongeza maji, kichwa cha hita kikatokeza nje, kikashika moto kavukavu, na tulipomimina maji tu, kioo kikalia pa! Hita ikaenda, na tulikuwa na bahati haikupitisha umeme majini.

Kwa hivyo iweke chumba cha kabla ya pampu, ambako kina cha maji hakibadiliki, na izame yote. Hakikisha pia maji yanapita hapo, si kwenye kona iliyotulia.

Jambo jingine ni stima. Ikipotea na kurudi, hita huwaka yenyewe, lakini pampu inaweza kukwama. Hapo sampu hupata moto huku samaki juu wanapoa. Stima ikirudi, chungulia kama maji yanapanda. Na kabla ya kubadilisha maji, zima hita uiache ipoe kama dakika 20 hivi.

Ukitaka tukushauri mahali pa kuiweka, tuletee picha ya sampu yako pampu ikiwa inafanya kazi. Ukiizima, maji ya juu hushuka, na kila chumba huonekana kimejaa.